Ubani Katika Tangi la Maji

Tangu nirudi Temeke, kila ninayekutana naye pale gereji ananiuliza kwa namna yake. Mmoja anataka kujua kama ni kweli wazungu wale walikuwa wakilala ndani ya nyumba inayovutwa na gari. Mwingine amesikia kwamba niliwalewesha kwa ubani. Wa tatu ananitazama miguu tu na kucheka. Nimechoka kusimulia vipande vipande, na naona wasikilizaji wanaongeza chumvi kabla sijamaliza. Basi nimeandika yote hapa, tangu tulipoondoka mpaka nilipoketi pale nilipotakiwa niketi. Habari za kupatana kazi na za vibali vya gari naziacha. Hazina utamu.

Jambo moja tu mlijue mapema. Mdogo wangu Rehema alikuwa anaolewa Ijumaa, baada ya sala, nyumbani kwetu Rasbura, Lindi. Baba yetu hayupo na mimi ndiye kaka mkubwa, kwa hiyo mimi ndiye walii wake. Mkono wangu ndio uliopaswa kuushika mkono wa bwana harusi. Nisipofika, mahali pangu angekaa baba mdogo Mfaume.

Baba mdogo si mtu mbaya. Lakini mwaka ule tulipowazika baba na mama, yeye ndiye aliyekuja na shauri la kutugawa: mmoja aende Sudi, mmoja Nachingwea, mmoja akae kwake, na mimi, kwa kuwa nimeshaota misuli, nijitegemee. Nilikuwa darasa la sita. Niliacha shule nikaingia shamba la mkonge kumshikia spana fundi pampu, na wadogo zangu watatu wakabaki chini ya paa moja. Rehema alikuwa na miaka minane wakati ule, lakini hakusahau. Katika barua yake ya mwisho aliniandikia hivi: "Kaka, kama si mkono wako, mimi idhini sitoi."

Barua hiyo nilikuwa nayo mfukoni tulipoondoka Temeke Jumatatu asubuhi.

Nyumba yenye magurudumu

Bwana Henk na mkewe, Mama Marta, ni wastaafu. Walikuwa wameshuka na gari lao kutoka Kenya, wakivuta nyuma yake karavani nyeupe yenye kitanda, jiko, kabati na bomba la maji. Mama Marta alipokuwa msichana aliwahi kufanya kazi ya uuguzi katika hospitali moja ya misheni huko mbele ya Masasi, na alitaka kuiona tena. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole lakini safi. Bwana Henk alikuwa na maneno kama kumi, na saba kati ya hayo yalikuwa ya chakula.

Kabla hawajafika Dar es Salaam, Bwana Henk alikunywa maji mabaya mahali fulani njiani akalazwa siku tisa. Tangu hapo Mama Marta aliyaogopa maji kama mtu aliyekwisha umwa anavyomwogopa nyoka. Ndiyo maana walitafuta fundi wa kusafiri nao. Mabasi ya kusini wiki ile yalikuwa mawili, moja limekufa injini na la pili limejaa mpaka juu ya paa. Wao walisema Alhamisi tutakuwa Lindi. Nikaona Mungu amenipa kazi na usafiri kwa mkono mmoja.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Chini ya kitanda kulikuwa na tangi la plastiki la lita mia moja. Pampu ndogo ya betri, haizidi ukubwa wa mkate, ilivuta maji ikayapitisha kwenye wavu wa kuzuia mchanga, halafu kwenye chujio la kauri nyeupe lenye umbo la mshumaa mnene, halafu kwenye kopo la makaa, ndipo yakatoka bombani. Kila jioni nilifungua vyote. Mshumaa niliusugua kwa brashi laini bila sabuni, maana sabuni ikiingia kwenye kauri haitoki. Wavu niliukung'uta. Pampu niliifungua nikakagua kiwambo chake cha mpira. Pampu ile ilikuwa na tabia moja: haikupenda kunyonya hewa. Ikikaukiwa huku swichi imewashwa, inajitafuna yenyewe.

Dawa ya kuua vijidudu aliitia Mama Marta mwenyewe, kila asubuhi, kwa kuhesabu matone. Hilo hakumwachia mtu.

Ndundu, siku mbili za pantoni

Tulifika Ndundu Jumatatu jioni tukakuta foleni ya malori na pantoni imefungwa ukingo wa ng'ambo ya mto. Injini yake ilikuwa inatengenezwa. Nikauliza itapona lini. Mtu mmoja aliyelala chini ya lori akanijibu bila kufumbua macho, "Ikipona utasikia."

Siku nzima ya Jumanne hatukusikia kitu. Nilikwenda ukingoni mara tano kama vile kutazama kwangu kungeisaidia. Mara ya tano Mama Chiku, aliyekuwa akiuza chakula pale chini ya turubai, akaniita.

"We kaka, hebu kaa ule. Mto haujakosana na wewe."

"Ijumaa nina harusi, dada."

"Unaoa?"

"Naozesha."

"Afadhali. Anayeozesha anaweza kula."

Akanipa ugali na pelege wa kukaanga. Bwana Henk akaja kwa kufuata harufu. Akala sahani tatu, na kila moja aliisindikiza na neno moja kati ya yale kumi. Watu wakakusanyika. Mama Chiku akaitazama karavani kwa muda, mikono kiunoni.

"Hawa kwao wamefukuzwa?"

"Wanatembea tu," nikasema.

"Wanatembea na nyumba? Basi hao ni konokono."

Kuanzia hapo karavani ikaitwa Konokono, na Mama Marta alipoelezwa aliandika jina hilo kwa chaki kwenye mlango.

Jambo lililonisumbua Ndundu lilikuwa dogo, lakini ndilo lililozaa mengine. Mzee mmoja dereva wa lori aliomba kuonja maji ya bombani. Mama Marta akamjazia glasi kwa furaha. Mzee akanywa, akamrudishia glasi na kushukuru kwa heshima. Halafu akaninong'oneza, "Mwanangu, maji haya hayana kitu. Ni kama kunywa kivuli."

Niliona aibu. Nilikuwa nimeyanywa tangu Temeke na nilijua anasema kweli. Maji yalikuwa safi, lakini yalikuwa ya kumpa mgonjwa, si ya kumpa mgeni.

Pantoni ikapona Jumatano alfajiri. Tulivuka wa nne.

Kivinje, kwa Bi Zuhura

Kutoka Ndundu kwenda chini barabara ilikuwa mchanga mtupu, na Konokono aliburuta tumbo sehemu nyingi. Tuliingia Kilwa Kivinje alasiri tukiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Kivinje anakaa Bi Zuhura, somo yake marehemu mama. Sikuwa nimemwona kwa miaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamisi huyu? Umekonda. Na hao uliowaleta wamekonda pia, ila mwanamume." Akamwangalia Bwana Henk. "Huyu anakula."

Alitupikia wali na nguru wa nazi, na pilipili ya maembe pembeni. Baada ya chakula wazungu wakaenda kutazama majumba ya zamani ya mji ule, nami nikabaki kuosha tangi. Mchanga wa njia ulikuwa umeingia mpaka kwenye kifuniko. Nililitoa lote nje, nikalisugua, nikalisuuza mara tatu kwa maji ya kisima cha Bi Zuhura, kisima cha maji matamu kilichojengewa tangu babu zake.

Wakati naliweka likauke, Bi Zuhura alikuwa ukumbini akifukiza mtungi wake wa maji. Mnaotoka pwani mnajua. Chetezo kina makaa mawili matatu na punje za ubani, mtungi mtupu unafunikwa juu ya moshi, kisha unatiwa maji. Maji ya mtungi ule ukiyanywa, unajua umefika kwa watu. Mama alifanya hivyo kila Alhamisi. Alipofariki nilijaribu kuendelea, na Rehema alikuwa akinisahihisha.

Nikamtazama Bi Zuhura, nikalitazama tangi.

"Mama, moshi huo utabaki?"

"Kwa nini usibaki? Lete."

Nilikuwa mwangalifu. Chetezo nilikiweka mbali kidogo plastiki isiungue, moshi nikaupeperusha kwa kipepeo uingie mdomoni mwa tangi. Nikalifunika likae. Kisha nikalijaza maji matamu, nikalirudisha chini ya kitanda, nikafunga mipira. Wenyewe waliporudi sikuwaambia kitu. Mgeni hatangaziwi kwamba maji yake yamefukizwa. Anakunywa, anajua mwenyewe. Nililala nikisubiri asubuhi nisikie watakavyosema.

Kusini ya Nangurukuru, chini ya uvungu

Alhamisi tuliondoka mapema, mapema kiasi kwamba Mama Marta aliahirisha matone yake ya dawa mpaka tutakaposimama. Tulisimama mbele ya Nangurukuru, kwa kulazimika. Magurudumu ya Konokono yalizama mchangani. Mimi na Bwana Henk tukaingia porini kukata matawi ya kutandika. Hatukukaa hata nusu saa.

Tuliporudi nilisikia pampu ikilia. Si mlio wake wa kawaida, ni ule wa kutafuna hewa. Nikakimbia nikazima swichi. Chini ya Konokono mchanga ulikuwa umelowa kama mtu ameoga pale, na tangi lilikuwa tupu.

Nikajua limepasuka. Nililala chali nikaingia uvunguni na tochi. Nikapapasa kila kiungo, kila mkunjo wa tangi, kila mpira. Mama Marta naye akapiga magoti upande wa pili akiinamisha kichwa, uso umemwiva. Nikaona ananisaidia. Tulitafuta hivyo zaidi ya saa nzima, wawili, bila maneno mengi.

"Huoni?" akauliza.

"Sijaona, mama. Hakuna ufa."

"Si ufa. Naulizia mafuta. Umeona petroli inapoingilia?"

"Petroli gani?"

"Iliyoingia kwenye maji."

Nilitoka uvunguni. Akanieleza polepole. Alikwenda kutia matone yake, alipofungua kifuniko cha tangi akapigwa na harufu kali, kama tarpeni ya wapaka rangi. Akakumbuka siku tisa za hospitali. Hakungoja mtu: alifungua kizibo cha chini akamwaga yote, akawasha pampu na bomba ili mipira nayo isafishike. Hapo ndipo pampu ilipokauka.

Nikakiinua kifuniko nikanusa. Ulikuwa ubani wa Bi Zuhura, na ulikuwa umekaa vizuri.

Nilikuwa nimepoteza maji lita mia, pampu na asubuhi nzima, na sikujua nianzie wapi. Mama Marta akatikisa kichwa akasema, "Ni kisima cha yule mama." Sikujibu. Ndilo jambo pekee la safari hii ambalo sipendi kulikumbuka.

Tulimkwamua Konokono kwa yale matawi, lakini rejeta ya gari ilikuwa imechemka mpaka ikamaliza maji. Tulibaki na galoni moja tu ya akiba, tukaitia yote. Mwendesha baiskeli aliyebeba magunia ya ufuta akatuambia maji mazuri yako Mitole, kuna kisima cha pampu, tuiache barabara kuu tufuate njia ya mashamba. Hakuwa na habari zote, kama mtakavyoona. Jua lilikuwa limeshapita utosini.

Mitole, pampu ya watu

Pampu ya Mitole ilikuwa ya mkono, ya chuma, na ndoo zilikuwa zimepangwa mbele yake kwa foleni ndefu. Hakukuwa na mtu hata mmoja. Ndoo zile zilikuwa zinashika nafasi tu, ikitokea siku pampu ikapona. Wanawake wenyewe walikuwa bondeni, wakichota maji ya rangi ya chai kwenye shimo.

Mama Marta akakaa kwenye ngazi ya Konokono akatoa daftari lake. Katika daftari hilo aliandika kila mahali maji yalipokuwa mazuri na yalipokuwa mabaya, ili wasafiri wenzao wanaofuata nyuma wapate kujua. Nikaona anaandika jina la Kivinje. Nikaona anaandika jina la Bi Zuhura.

Hapo sikuweza kunyamaza tena.

"Mama, usiandike. Kisima chake ni kizuri. Ile si petroli, ni ubani. Nimetia mimi."

Akanitazama. Nikamweleza yote: chetezo, mtungi, moshi, mama yangu, yule dereva na kivuli chake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Huku hatusemi, mama. Ukitangaza ni kama unadai shukrani."

"Nilidhani namuua mume wangu, Hamisi."

"Na mimi nilidhani nawapa maji ya wageni."

Hakucheka wala hakufoka. Alichana ukurasa ule, akaukunja, akautia jikoni pamoja na viberiti. Kisha akamgeukia mumewe wakazungumza kwa lugha yao kwa muda. Bwana Henk alinitazama, akanusa hewani, akapandisha mabega.

Sasa shida ikabaki moja. Maji ya shimoni rejeta ingeyanywa bila ubishi, lakini mshumaa wa kauri ungeziba kabla ya kutoa kikombe kimoja, na bila maji ya kunywa Mama Marta hasogei. Sikumlaumu. Nikaenda kwa mwenye ufunguo wa pampu, mwanamke mmoja mrefu aitwaye Bi Somoe, aliyekuwa anapepeta mtama.

"Shikamoo, mama. Pampu ina nini?"

"Marahaba. Ina wiki sita. Mtu wa wapi wewe?"

"Lindi, Rasbura. Mmwera."

"Mmwera fundi wa maji!" Akawaita wenzake. "Njooni mwone! Wameoga wameisha, sasa wanatengeneza!"

Wakacheka mpaka ungo ukawekwa chini. Utani wa kusini husema Wamwera waliisha kwa kuoga mtoni, na hapo ndipo nilipojua nimekaribishwa. Nikawaambia wao wameweka ndoo foleni wiki sita kungoja chuma kitubu. Wakacheka zaidi, na Bi Somoe akaenda kuleta ufunguo.

Tulivuta mabomba kumi mimi, Bwana Henk na wanawake wanane, wao wakiimba na Bwana Henk akihesabu kwa lugha yake. Chini kabisa, ugonjwa ukaonekana: ile ngozi ya duara yenye umbo la kikombe, inayobana ndani ya bomba na kuinua maji, ilikuwa imelika mpaka imebaki kama jani kavu.

"Ipo nyingine?" nikauliza.

"Wametuahidi."

Nikaomba ngozi yoyote. Walileta ngozi ya mbuzi, laini mno, ikakunjika. Walileta kipande cha mkanda, chembamba. Ngozi inayofaa lazima iwe nene, iwe imekandwa vizuri, lakini ikubali kupinda. Nilijua iliko. Ilikuwa ndani ya mkoba wangu, imefungwa kwenye gazeti: makubadhi mapya niliyoyanunua kwa ajili ya harusi, ya ngozi ya ng'ombe, yametarizwa nyuzi nyekundu. Ndiyo viatu vya kwanza vya maana nilivyowahi kununua ambavyo si vya kazi.

Niliyatoa nikayatazama kidogo. Bi Somoe aliyaona kabla sijasema.

"Hayo si ya kukata, mwanangu. Hayo ni ya mahali."

"Ni ya harusi ya dada yangu kesho. Nisipoyakata sifiki hapo mahali penyewe."

Akaketi. Utani uliisha hapo. Akamtuma mtu alete mafuta ya ufuta, na yeye mwenyewe akachemsha maji. Nilikata duara kwenye soli ya kubadhi la kulia, nikaliloweka kwenye maji moto, nikalikandamiza juu ya tako la chupa mpaka likashika umbo la kikombe, nikalishibisha mafuta ya ufuta. Kubadhi la kushoto nililikata pia, likawa la akiba, nikampa Bi Somoe pamoja na maelezo. Wakati ngozi inakauka kwa jua lililobaki, nikatengeneza kiwambo cha pampu yetu ndogo kwa mpira wa ndani wa baiskeli.

Tukarudisha mabomba. Bi Somoe akashika mpini. Mara ya kwanza hewa. Mara ya pili hewa. Mara ya kumi na kitu, bomba likakohoa, likatema kutu, likatema tena, halafu maji yakaja meupe, baridi, yakijaza mdomo wa bomba. Kelele zilizopigwa pale sijasikia tena mpaka leo. Ndoo zilizopangwa foleni wiki sita zikasogezwa pembeni zote, ili tangi la Konokono lijazwe kwanza. Nilikataa. Bi Somoe akanitazama miguu, nimevaa katambuga zangu za matairi, akasema, "Nyamaza, Mmwera. Wageni kwanza."

Walitupa mhogo wa kuchemsha na kisamvu. Mama Marta alikunywa maji yake ya chujio, akatia matone yake, na jua likazama tukiwa Mitole.

Mchinga, Konokono anaachwa

Ijumaa tuliondoka kukiwa bado kunapambazuka. Mpaka Mbwemkuru mambo yalikwenda. Baada ya mto, kwenye kupanda, gari likaanza kuhema. Mchanga, mlima, na nyumba nyuma. Tulipanda kwa hatua, tukisimama kupoza injini, na kila tuliposimama niliangalia jua na kugusa barua mfukoni. Tulifika Mchinga ikiwa ni saa tano imekwishapita. Bwana Henk akaonyesha kipimo cha joto akatikisa kichwa. Nikaelewa: akiendelea kuvuta, tutafika jioni.

Nilishuka nikaanza kuaga. Nilifikiri nitapata baiskeli.

Mama Marta akashuka pia. "Unakwenda wapi?"

"Rasbura, mama. Samahani. Kazi ya maji nitarudi niimalize kesho."

"Maji hayaolewi leo," akasema.

Akaongea na mumewe maneno machache. Kisha akagonga nyumba ya jirani, akamwomba bibi mwenye ua mkubwa amtunzie Konokono. Bibi yule aliuliza swali moja tu, kama anauma. Bwana Henk alifungua ndoano, Konokono akaachwa uani katikati ya kuku na jina lake la chaki mlangoni, na gari likaondoka jepesi kama mtu aliyetua mzigo kichwani. Mimi niliyeajiriwa kulinda pampu na chujio nikaviacha nyuma pamoja na kazi yangu, na wenye mali ndio walioendesha.

Rasbura

Tuliposimama mbele ya nyumba yetu watu walikuwa wameshatoka msikitini. Mkeka ulikuwa umetandikwa ukumbini. Bwana harusi, Mwalimu Bakari, alikuwa amekaa. Shekhe alikuwa amekaa. Na mahali pa walii alikuwa amekaa baba mdogo Mfaume, kanzu imenyooka, mkono uko tayari kwenye goti.

Lakini ndoa haikuwa imefungwa, na sababu yake nilielezwa baadaye na kila mtu kwa wakati mmoja. Mashahidi wawili walikuwa wamekwenda mlangoni kwa Rehema kuchukua idhini. Nanyi mnajua desturi: mwari akiulizwa akanyamaza, kimya chake ndiyo ridhaa. Rehema alilijua hilo vizuri. Kwa hiyo hakunyamaza. Walipomuuliza kama anaridhia baba mdogo amwozeshe, aliwasalimia. Akauliza hali za wake zao. Akauliza mbuzi wa Mzee Nangumbi, yule shahidi wa pili, amezaa wangapi. Walipouliza tena aliwaelezea habari za mvua. Walirudi mkekani, wakatumwa tena, akawapokea na habari ya bei ya chumvi. Mara ya tatu, Mzee Nangumbi alirudi akijifuta jasho akamwambia shekhe, "Huyu binti hanyamazi. Na sisi tumechoka."

Ndipo nikaingia, vumbi tupu, katambuga miguuni.

Watu wakageuka. Baba mdogo akanitazama uso, akanitazama miguu, akanitazama uso tena. Nilijiandaa kwa neno lolote. Akajiinua polepole, akasogea kando, akapiga mkeka kwa kiganja.

"Njoo ukae pako," akasema.

Safari ya nne mashahidi walipokwenda mlangoni, ndani palikuwa kimya kabisa. Nikashika mkono wa Mwalimu Bakari nikatamka maneno yangu. Mkono wangu ulikuwa unanuka mafuta ya ufuta na kutu ya Mitole. Nilikuwa nimedhani nitalia. Nilijisikia tu kama mtu aliyefika ukingo wa pili akakanyaga udongo mkavu.

Baada ya dua maji yalipitishwa, kutoka kwenye mtungi wa mama. Mama Marta alikuwa amekaa na wanawake, kitenge kichwani. Nikaona anapokea kikombe. Nikaona anakisogeza puani. Alinitafuta kwa macho katikati ya watu mpaka akanipata, akanywa, akanywa mpaka mwisho, kisha akamrudishia kikombe aliyemgawia na kumwomba ajaze tena. Hakutia tone hata moja.

Rehema alipotolewa nje alinikumbatia, hina imemjaa mikononi. Akarudi nyuma kunitazama vizuri, maana ni yeye anayenisahihisha siku zote.

"Kaka, uliniandikia umenunua makubadhi. Yako wapi?"

"Yako Mitole," nikamwambia. "Yanateka maji."